Mume ana VVU, mimi sina: je, ni jeni zangu zinazonikinga?

"Shikamoo daktari. Nina miaka 31, tuko kwenye ndoa mwaka wa nne. Mwaka juzi mume wangu aliugua kifua kikuu, wakampima wakakuta ana VVU. Dozi ya TB alimaliza, ARV anaendelea nazo. Tangu tuoane mpaka siku hiyo hatukuwahi kutumia kondomu. Mimi nimepima mara tano, zote hasi, na nesi mmoja akaniambia nina damu ngumu. Wifi yangu anasema ni kwa sababu mimi ni kundi O. Nimesoma kwamba kuna watu wamezaliwa na jeni inayozuia VVU, na kuna kampuni za nje unawatumia mate wanakusomea DNA. Je, nipime? Nikikutwa ninayo tuache kondomu tutafute mtoto? Na mtoto atairithi?"

Marahaba, dada. Umelala na mwenzio miaka miwili bila kujua ana virusi, hukuambukizwa, na sasa unataka kujua kama kilichokukinga jana kitakukinga na kesho. Uwezekano kwamba ni jeni ni mdogo sana. Hata ingekuwa jeni, si ya kuiwekea dhamana mwili wako. Mtoto mnaweza kumpata, tena kwa njia ya kawaida kabisa, lakini ruhusa hiyo inatoka kwenye kadi ya kliniki ya mume wako. Mate yako hayahusiki.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowachanganya watu wengi. Imani ya mtaani ni kwamba ukikutana kimwili na mwenye VVU mara moja umekwisha. Huko Rakai, Uganda, watafiti waliwafuatilia wenza 415 ambao mmoja alikuwa na VVU na mwingine hana, enzi ambazo ARV hazijafika vijijini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Katika kila wenza 100 walioishi pamoja mwaka mzima, takribani 12 waliambukizana. Ukigawa kwa tendo moja moja, makadirio yaliyotoka Rakai ni kama maambukizi 1 katika matendo 900. Sasa chukua miaka yenu miwili, tuseme mara mbili kwa wiki: ni matendo kama 200. Wanawake 100 wakipita njia hiyo hiyo, karibu 80 wanatoka hasi, na hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji jeni ya ajabu kueleza majibu yake.

Utasema mumeo alikuwa mgonjwa, hivyo virusi vilikuwa vingi. Hoja nzuri. Rakai, wale waliokuwa na nakala za virusi zaidi ya 50,000 katika mililita moja ya damu waliwaambukiza wenza wao kwa kasi ya 23 katika kila 100 kwa mwaka. Hata kwa kasi hiyo, miaka miwili ikipita zaidi ya nusu ya wenza bado wako hasi. Tena hatujui mumeo aliupata lini. Wastani huu usikulegeze, kwa sababu unaweza kupata kwenye tendo la kwanza. Hatari hupanda sana mwenye virusi akiwa ndiyo kwanza ameambukizwa, au mmoja wenu akiwa na kaswende, kisonono au malengelenge ya sehemu za siri, kwa kuwa ngozi laini iliyochubuka huwa imejaa chembe zile zile ambazo VVU huzitafuta.

Katika utafiti huo huo kulikuwa na wenza 51 ambao mwenye VVU alikuwa na nakala chini ya 1,500. Hakuna hata mmoja aliyemwambukiza mwenzake. Ishike namba hiyo, tutairudia.

Kuhusu kundi O, mwambie wifi hapana. Kundi la damu halimzuii mtu kupata VVU, na wodi zimejaa watu wa kundi O. Fununu hii haikutoka hewani, hata hivyo. Kuna virusi vya kuharisha na kutapika viitwavyo norovirusi ambavyo hujishikiza kwenye sukari za utumbo, ndugu wa zile zinazotengeneza makundi ya damu, na mtu ambaye jeni yake iitwayo FUT2 haifanyi kazi huponyoka aina nyingi za norovirusi. Lakini kila kirusi kina mlango wake, na VVU hakipiti mlango huo. "Damu ngumu" nayo ni maneno ya kufariji tu, hakuna kipimo chake.

Sasa jeni zenyewe, maana hapo ulichosoma ni kweli. VVU huingia kwenye chembe nyeupe aina ya CD4, lakini CD4 peke yake haitoshi kufungua. Kirusi kikishaishika CD4 hutafuta kitasa cha pili, na mara nyingi kitasa hicho ni protini iitwayo CCR5. Mwaka 1996 iligundulika kwamba kuna watu ambao jeni yao ya CCR5 imekatika herufi 32 za DNA, hivyo protini inayotoka ni pungufu na haifiki juu ya chembe. Aliyerithi nakala hiyo mbovu kwa baba na kwa mama hana kitasa kabisa. Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Berlin, alipandikizwa mwaka 2007 uboho wa mtu wa namna hiyo kutibu saratani ya damu, na VVU vyake vikatoweka mpaka alipofariki mwaka 2020 kwa saratani ile ile.

Tatizo ni kwamba jeni hiyo ni ya Ulaya. Kaskazini mwa Ulaya mtu 1 hivi kati ya 100 ana nakala zote mbili. Kwetu Waafrika karibu haipo. Ukituma mate yako nje, karibu kwa hakika utajibiwa kwamba CCR5 yako ni ya kawaida, nawe utakuwa umelipa kuambiwa kitu ambacho ungekisia bure. Na hata wenye nakala mbili si salama moja kwa moja: baadhi ya VVU hutumia kitasa kingine kiitwacho CXCR4, na wapo watu wa namna hiyo walioambukizwa. Halafu mwili haukuumba kitasa kile kwa ajili ya VVU. Mtu asiye na CCR5 akipata virusi vya West Nile, vinavyoenezwa na mbu, ana hatari kubwa zaidi ya kuugua sana. Jeni ikikupa huku, hukunyang'anya kule.

Pengine utauliza habari za wanawake wa Majengo, Nairobi, maana wametajwa sana redioni na magazetini. Tangu 1985 Chuo Kikuu cha Nairobi na kile cha Manitoba, Kanada, wamekuwa wakifuatilia afya za wanawake wanaouza ngono pale Majengo, Pumwani, na wachache kati yao walibaki hasi miaka na miaka ingawa walikutana na virusi tena na tena. Hawana ile CCR5 iliyokatika. Kinachoonekana kwao ni mchanganyiko: aina fulani za jeni za kinga, chembe za kinga zilizotulia (VVU hupenda kuzaliana kwenye chembe iliyochangamka), na chembe za ulinzi zinazotambua vipande vya VVU ingawa mwenyewe hajaambukizwa. Watu husimulia hadithi hii na kuishia hapo. Iliyobaki ni kwamba baadhi ya wanawake hao walikuja kuambukizwa baadaye, na wengi wa hao ilitokea baada ya kupunguza kazi au kupumzika kwa muda. Kama hata wao kinga yao ilifika mahali ikachoka, wewe uliyepima mara tano huna sababu ya kujaribu.

Kundi la jeni lenye uzito mkubwa zaidi katika magonjwa ya virusi ni HLA, lililo kwenye kromosomu ya 6. Fikiria kila chembe ya mwili wako ni nyumba yenye muuza vitumbua mlangoni. Ndani ya nyumba kunatengenezwa protini mchana na usiku, na chembe huchukua vipande vidogo vya kila kinachotengenezwa, vyenye viungo 8 hadi 10 vya protini, na kuvitoa nje juu ya sinia. Sinia hilo ndilo HLA. Askari wa kinga, chembe zinazoitwa CD8, hupita mlango kwa mlango wakikagua masinia. Wakiona vipande vya kawaida wanapita. Wakiona kipande cha kirusi wanaivunja nyumba yote kabla virusi havijatoka.

Masinia hayafanani. Kila mtu hurithi aina tatu kuu, A, B na C, kutoka kwa kila mzazi, kwa hiyo ana mpaka aina sita. Kila aina ina mashimo ya umbo lake na hushika vipande vya aina fulani tu. Ndiyo maana virusi vile vile, katika nyumba mbili za mtaa mmoja, hupata upinzani tofauti. Mwenye aina sita tofauti huonyesha vipande vingi zaidi. Aliyerithi zinazofanana kwa baba na mama huonyesha vichache, na akipata VVU ugonjwa humwendea mbio zaidi.

Katika VVU, sinia maarufu ni B*57. Hushika kipande cha protini ya Gag, ile inayotengeneza ganda la ndani la kirusi. Kirusi kinaweza kubadilisha kipande hicho ili kisishikike, na hufanya hivyo, lakini kwa kubadilisha huharibu ganda lake chenyewe na kuzaliana kwa kuchechemea. Kwa hiyo mwenye B*57 akiambukizwa, virusi vyake mara nyingi hubaki vichache kwa muda mrefu hata bila dawa. Mwenye baadhi ya aina za B*35 huwa kinyume chake. Tazama lakini nilichosema: akiambukizwa. Sinia hufanya kazi baada ya kirusi kuingia ndani. HLA huamua zaidi ugonjwa utakwendaje, na kwa kiasi kidogo sana kama utaupata. Tofauti za wingi wa virusi kati ya mtu na mtu asiyetumia dawa, takribani robo yake ndiyo inayoelezwa na jeni zake. Na mwaka 2013 watafiti walipolinganisha jeni za zaidi ya watu 6,000 wenye VVU na zaidi ya 7,000 wasio na VVU, wote wenye asili ya Ulaya, kitu pekee kilichojitokeza wazi kwamba kinazuia kuambukizwa kilikuwa ile ile CCR5 iliyokatika.

Kuna jambo moja linalowagusa wenza kama ninyi. Nchini Zambia iligundulika kwamba wenza wanaofanana sinia la B huambukizana zaidi. Sababu inaeleweka: virusi vikikaa ndani ya mumeo hujifunza kukwepa masinia yake, na vikihamia kwa mtu mwenye masinia yale yale vinafika tayari vimeshafuzu. Nairobi jambo kama hilo lilionekana kwa mama na mtoto. Lakini ukinipa leo orodha ya HLA zenu wote wawili, ushauri wangu hautabadilika hata kwa neno moja, na kipimo kisichobadilisha uamuzi ni pesa ya ada ya mtoto imepotea.

Viko vipimo vya jeni vyenye maana. Mgonjwa anayeanzishwa abakavia, mojawapo ya ARV, anaweza kupata mzio hatari akiwa na HLA-B*57:01: homa, vipele, kutapika, kukosa pumzi, kwa kawaida ndani ya wiki 6 za mwanzo. Aina hiyo ni nadra kwa Waafrika. Tuliyo nayo zaidi ni B*57:03, iliyotofautiana nayo kwa viungo viwili tu vya protini, nayo haileti mzio huo. Mwenye dalili hizo akiwa kwenye abakavia arudi kliniki siku hiyo hiyo, na ikithibitika ni mzio asiiguse tena maisha yake yote, maana mara ya pili huweza kuua. Jingine ni mtoto anayelazwa tena na tena kwa maambukizi mazito, au familia iliyopoteza watoto wawili kwa magonjwa ambayo wenzao huyapona. Huyo apelekwe kwa daktari bingwa wa watoto hospitali ya rufaa, kwani huenda amezaliwa na upungufu wa kinga ambao hauhusiani na VVU.

Turudi kwenye kadi. Ile namba ya Rakai ya chini ya 1,500 ilikuja kuthibitishwa na dawa. Mwaka 2011 utafiti wa wenza 1,763 katika nchi 9, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba mwenye VVU akianza ARV mapema maambukizi kwa mwenza hupungua kwa asilimia 96. Tafiti za Ulaya zikafuata: makumi ya maelfu ya matendo bila kondomu, mwenye VVU akiwa virusi vyake havionekani kwenye kipimo, na hakuna mwenza hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake huyo. Shirika la Afya Duniani linasema hivyo hivyo: asiyeonekana virusi kwenye kipimo na anayeendelea kunywa dawa kama inavyotakiwa, hamwambukizi mwenza wake kwa njia ya ngono.

Nendeni kliniki pamoja, muulize vitu viwili: kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi kilichukuliwa tarehe ngapi, na namba yake ni ngapi. "Iko vizuri" si namba. Mnachotafuta ni "havikugundulika" au chini ya 50. Kama sampuli ilikuwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, kipimo hicho hakiwezi kuviona virusi vikiwa vichache sana, muulize anayewahudumia kikomo chake. Mpaka awe ametumia dawa si chini ya miezi 6 na ana majibu mawili mfululizo ya namna hiyo, kondomu ziendelee. Kama kipimo ni cha zaidi ya mwaka, ombeni kingine kwanza.

Majibu yakija juu ya 1,000, kabla ya kumlaumu kwamba haleti dawa mdomoni, chunguzeni anavyozimeza. Wengi sasa wako kwenye TLD, kidonge kimoja chenye tenofovia, lamivudini na dolutegravia. Dolutegravia hunaswa na vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini: ameze TLD saa 2 kabla ya hivyo au saa 6 baada yake. Na kwa kuwa alitibiwa TB, muulizeni kama wakati ule, akiwa kwenye rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, aliongezewa dolutegravia ya miligramu 50 saa 12 baada ya TLD, kwa sababu rifampisini huimaliza haraka mwilini. Kama hakuongezewa, mweleze daktari. Ni taarifa anayoihitaji.

Upande wako, kuna PrEP, vidonge vya kila siku vya kumkinga asiye na VVU. Huna ulazima wa kuvitumia virusi vya mumeo vikiwa havionekani kwenye kipimo, lakini ni mto mzuri wa kuegemea katika miezi ya kutafuta mimba, hasa kama namba yake bado haijatulia. Kabla ya kuanza utapimwa VVU, homa ya ini B na figo. Meza siku 7 mfululizo kabla ya kuvitegemea, na upime VVU kila miezi 3. Vinatumika wakati wa ujauzito na kunyonyesha pia. Pimeni wote wawili magonjwa ya zinaa mapema. Kisha fuatilia mzunguko wako: mwenye siku 28 hupevusha yai karibu na siku ya 14, na siku 5 kabla ya hapo pamoja na siku yenyewe ndizo zenye mimba. Wenza wengine huacha kondomu siku hizo tu, nao si wajinga.

Kuhusu mtoto: baba hampi mtoto VVU kupitia mbegu. Njia ni moja, kupitia mama aliyeambukizwa. Kwa hiyo ukibaki hasi mtoto yuko salama, na ukiambukizwa ukiwa mjamzito au unanyonyesha ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu wiki za mwanzo virusi hujaa damuni na kwenye maziwa. Ndiyo maana utapimwa tena na tena kliniki ya wajawazito, usione wanakushuku. Jeni za kinga atarithi nusu kwako na nusu kwa baba yake, kwa kupigiwa kura, hivyo hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kabisa.

Ukipata homa, koo kuuma, mitoki na vipele wiki 2 hadi 4 baada ya kukutana bila kinga, usiishie kupima malaria. Nenda ukaseme wazi kwamba mwenza wako ana VVU, na urudie kipimo mpaka siku 90 zipite, kwani cha haraka kinaweza kuwa hasi mwanzoni. Na kondomu ikipasuka kipindi ambacho mumeo ameacha dawa au namba yake imepanda, nenda kituo chochote cha afya chenye huduma ya VVU uombe PEP, dawa za siku 28 za kuzuia VVU baada ya kukutana navyo. Zianze mapema iwezekanavyo, mwisho saa 72. Ikitokea Ijumaa usiku usingoje kliniki ifunguliwe Jumatatu. Nenda mapokezi ya dharura, saa zinahesabiwa tangu tendo lenyewe.